Koili ya Fundi Saa

Kuna uongo unaosameheka, na kuna uongo wa Karani. Huu wa Karani ukisimuliwa, hata asiyehusika damu humchemka.

Fundi Saa na Karani walikuwa chanda na pete. Fundi alitengeneza saa kwenye kibanda chake kando ya barabara kwa miaka thelathini na nane. Karani alistaafu posta, akabaki peke yake nyumbani, watoto wametawanyika kila mmoja na njia yake. Starehe yao ilikuwa moja: kila Jumamosi kuunda redio ndogo kwa mikono, mezani kwa Karani. Karani alisoma michoro na kuunga nyaya, Fundi alizungusha koili, ule msokoto wa waya unaonasa sauti. Zilikuwa redio za transista moja tu, ila zina ujanja wake: sauti hafifu ikinaswa hurudishwa kwenye koili ikuzwe tena na tena, mpaka kituo cha mbali kikusemeshe masikioni. Ukizidisha kidogo, redio hupiga mluzi, na mluzi huo hutoka kwa antena ukaingia kwenye redio za majirani. Kwa ajili hiyo wazee hao walishatukanwa mtaa mzima, wakacheka mpaka machozi.

Mwanzoni mwa mwaka Fundi alisema, "Hii ya nne ndiyo ya mwisho, mzee mwenzangu. Ikisema tu, nahamia kwa binti yangu. Huko nitatafuta kibanda kingine, saa mbovu haziishi duniani."

"Sawa bwana," Karani alijibu, akamwongezea chai.

Redio ya nne haikusema. Jumamosi ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano vilevile. Fundi aliifumua koili akaizungusha upya, waya mwembamba kama unywele, mizunguko themanini, na kazi hiyo aliirudia mara sita. Karani alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mchoro hauna kosa. Labda ni mkono, ndugu yangu. Uzee hauna adabu."

Alilisema kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya, nalo likamkaa Fundi rohoni. Jamani, mtu anayekula kwa vidole vyake ukimwambia vidole vimekwisha, umembakishia nini? Akaanza kujichunguza. Kibano kikiteleza kidogo tu, moyo unampasuka paa. Akaacha kupokea saa za kike, kwa kuwa ni ndogo, kisha akaacha zote. Mwezi wa sita akafunga kibanda, kinyozi akaingia. Na kuhama asihame tena, maana angeenda kwa binti yake kufanya nini, kula na kulala?

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, alasiri, alikuwa jikoni kwake akimenya viazi huku redio ya kawaida ikisoma habari. Mluzi ukapita katikati ya habari, ukashuka, ukafifia, ukapanda tena. Mtu mwingine angelaumu mitambo ya kituo. Fundi aliweka kisu chini. Mtaani pale ni meza moja tu iliyoweza kupiga mluzi ule, na redio tatu za zamani walishazifumua zote kupata vipuri. Ilibaki ile ya nne, ile bubu.

Nyumba ya Karani ilikuwa ya tatu kutoka kwake, na mlango ulikuwa wazi. Karani alikuwa amekaa akiupa mlango kisogo, spika za kuvaa masikioni, anatikisa mguu kufuata muziki. Fundi akasogea hadi mezani. Koili ilikuwa ileile aliyoizungusha Jumamosi. Kilichobadilika ni kimoja: ncha mbili za waya wa koili ya kurudisha sauti zilikuwa zimebadilishana mahali, tofauti na alivyoziacha Jumamosi. Ncha hizo zikifungwa kinyume, sauti inayorudi huiua ile inayokuja, na redio huwa bubu. Kumbe kila Jumamosi Karani aliziunga kinyume, na Fundi akishaondoka, anazirudisha sawa anasikiliza peke yake.

Fundi alimgusa bega. "Tangu lini?"

Karani alivua spika. Hakujisumbua kukana. "Mwezi wa tatu. Jioni ileile ulipomaliza."

"Kwa koili ya kwanza?"

"Ya kwanza. Haikuwa na kasoro. Ulisema ikisema unahama. Mimi ningebaki na nani, bwana? Na kuta?"

"Ungeniomba nibaki."

"Niliona haya."

"Siku nafunga kibanda ulinishikia ngazi nikishusha kibao," Fundi alisema. "Ukaniambia niangalie nisianguke."

Karani aliinamisha kichwa. "Nilitaka kukuambia palepale. Nikaogopa utanichukia."

"Ukaona heri nijichukie mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema, ila hawakusema kwamba kitakuwa kinakumiminia chai.

Karani alimsogezea spika. "Kaa usikilize basi. Ni kazi ya mikono yako."

Fundi hakuzigusa. Alitoka, na Karani akabaki akimwita kutoka mlangoni.

Nyumbani alikuwa na saa yake ya mkononi iliyosimama tangu mwezi wa saba. Hakuwahi kuthubutu kuifungua. Sasa alitandika kitambaa cheupe mezani, akabana lenzi jichoni, akafungua kifuniko, akatoa skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mchanga. Aliishika kwa kibano akairudisha, ikakaa mara ya kwanza. Akaitoa tena makusudi, akairudisha, ikakaa. Mkono ulikuwa umetulia kabisa, kama ulivyotulia miaka yote thelathini na nane. Fundi Saa akaulaza mezani mbele yake, akaulilia.