Sekunde Saba za Mzee Mabega

Watu waliotaka kujua siri ya kuchekesha walikuwa wakimfuata Mzee Mabega hadi mlangoni mwa choo, na yeye, badala ya kuwafukuza, alikuwa akiwajibu. Jibu lilikuwa lilelile kwa miaka thelathini: usimtazame mtu usoni, uso ni mwongo, tazama mabega. Wanafunzi waliandika. Mimi nilisubiri amalize turudi kazini, maana filamu haihaririwi kwa mahubiri.

Mimi ndiye mhariri wake. Nimemkatia filamu kumi na moja, na ndiyo sababu aliniita Mkasi mpaka watu wakasahau kama nina jina.

Hayo ya mabega aliyatoa kwenye studio ya picha za pasipoti, alikoajiriwa ujanani. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasicheke. Akagundua kwamba mtu mzima akikatazwa kucheka hubana midomo, hukaza macho, hujitia uso mkavu kama karani wa mahakama, lakini mabega humsaliti, huanza kutikisika kabla sauti haijatoka. Alifukuzwa kwa sababu nusu ya picha zake zilitoka na ukungu wa watu waliotikisika. Mwaka uliofuata akatengeneza filamu yake ya kwanza, ya mtu anayehangaika siku nzima kupigwa picha ya pasipoti, nayo ikawavunja watu mbavu. Baada ya hapo hakuona haja ya kujifunza jambo jingine. Kufanikiwa mapema kuna ubaya wake.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kila filamu ikikaribia kwisha tuliwakusanya watu tusiowajua, thelathini au arobaini, tukawaonyesha mchana kwenye ukumbi wa kukodi. Yeye aliketi mbele kabisa akiipa skrini mgongo, daftari gotini, akiwatazama gizani kwa mwanga hafifu uliowaangukia kutoka kwenye picha. Mabega yakitikisika, aliandika. Mimi niliketi nyuma na saa yangu nikipima sekunde, kwa sababu kicheko kinahitaji nafasi. Usipokiachia nafasi, watu hucheka juu ya maneno yanayofuata na mzaha wa pili unakufa kabla ya kuzaliwa. Yeye macho, mimi sekunde. Ufundi wetu wote ulikuwa hapo.

Masikio yake yalianza kuwa mazito mwaka aliofiwa na mkewe. Sisemi msiba ndio uliomziba; daktari alisema ni umri, na mimi si daktari. Niligundua pale mganga wa meno wa ghorofa ya chini alipopanda kulalamika kwamba wagonjwa wake wanamsikia mwanamume akigombana na mkewe kila asubuhi kuanzia saa nne. Ilikuwa filamu yetu. Mzee alikuwa amefungulia sauti mpaka mwisho na bado alikuwa amekinga mkono sikioni.

"Nunua kifaa cha masikio," nilimwambia, uso kwa uso, polepole.

"Ninacho. Kipo kwenye droo."

"Droo haisikii, Mzee."

"Mtayarishaji akikiona, filamu anampa mwingine. Mwongozaji wa vichekesho asiyesikia watu wakicheka? Mkasi, hata mimi nisingempa."

Na mimi pia nisingempa. Tangu siku hiyo nikawa masikio yake. Kwenye vikao nilikaa mkabala naye, mtu akiuliza swali nililirudia kwa midomo bila sauti, naye akajibu kana kwamba alikuwa akitafakari. Watu wakasema uzee umempa busara.

Filamu ya kumi na moja ilihusu mjane wa kiume anayeishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili. Aliichota nyumbani kwake, kama kawaida yake. Hakuna ndugu yake ambaye hajawahi kujiona kwenye skrini akiteleza. Marehemu mkewe, niliyemwita shemeji, alikuwa na tabia ya kuficha rimoti ya televisheni ili aangalie tamthilia yake kwa amani. Basi kwenye filamu yule mjane anaitafuta rimoti. Anainua makochi, anamwaga droo, anaingiza kichwa chini ya kitanda na kukwama. Mwisho anaikuta mfukoni mwa sweta la mkewe lililoning'inia nyuma ya mlango. Analiangalia sweta, analiambia, "Haya, umeshinda." Kisha anawasha televisheni, anakuta tamthilia ileile inaendelea, anakaa kuitazama.

Mzee aliapa kwamba huo ndio mzaha bora wa maisha yake. Alisema mkewe angeanguka kwa kicheko.

Siku ya majaribio walikuja watu thelathini na wanane. Makochi yalipoinuliwa walicheka, kichwa kilipokwama wakacheka zaidi, nami nikapima. Kisha likaja sweta, na ukumbi ukanyamaza. Nilimsikia mama mmoja akivuta kamasi. Bwana wa safu ya tatu aliinama hadi paji la uso likagusa kiti cha mbele, mikono usoni, na mabega yake yakawa yanatikisika. Yalitikisika ukumbi mzima. Nami nililia, niseme ukweli; yule shemeji alikuwa rafiki yangu.

Taa hazijawaka vizuri, Mzee akanijia akiwa amenawiri kama bwana harusi.

"Umewaona? Yule bwana amekufa kwa kicheko. Ongeza nafasi baada ya 'umeshinda'. Weka sekunde saba, wasije wakayafunika maneno ya tamthilia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi ilikuwa fupi: Mzee, walikuwa wanalia. Lakini ningemwambia hivyo ningekuwa nimemwambia pia kwamba macho yake hayamtoshi, na hakuwa amebakiwa na kitu kingine. Niliogopa. Nikaenda nikaweka sekunde saba za mtu aliyesimama na rimoti mkononi bila kufanya lolote.

Filamu ikatoka na kupata sifa ambazo zile kumi za awali hazikuwahi kuziota. Magazeti yakaandika kurasa kwa kurasa juu ya kile kimya kirefu, na ujasiri wa mchekeshaji aliyewaachia watu nafasi ya kulia. Mzee hakusoma neno. Aliacha kusoma magazeti tangu filamu ya pili iitwe upuuzi. Aliniambia tu kwamba watu wanamshika mkono barabarani kwa nguvu kuliko zamani, naye anafikiri ni kwa sababu ya umri.

Ndipo tukaalikwa kwenye ukumbi mkubwa, filamu ionyeshwe mchana na mwongozaji ahojiwe jukwaani. Nilipewa kiti safu ya mbele, mahali pa kufanyia kazi yangu ya midomo. Mtayarishaji alikaa kushoto kwangu, ameshika karatasi za filamu ya kumi na mbili ambazo Mzee alikuwa bado hajatia saini. Maswali matatu yalipita vizuri. Kisha mtangazaji, kijana nadhifu wa redioni, akainama mbele.

"Mzee, kile kimya baada ya 'umeshinda'. Wote humu tumelia. Nani alikufundisha kuwa pale mtu anahitaji muda wa kulia?"

Mzee akanitazama, akisubiri.

Ningeweza kubuni swali. Nilikuwa nimeshabuni mengi. Lakini watu mia nne walikuwa wanamshukuru kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hajui amelifanya, na niliona aibu, kwake na kwangu. Nikapiga moyo konde. Nikasema kwa midomo tu: Pale kwenye sweta. Walilia. Toka siku ya kwanza, walilia.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akaisogelea maikrofoni.

"Mimi nilidhani mnacheka," alisema.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Watu walijipiga mapaja, mtangazaji akaangusha karatasi, nyuma kabisa kuna aliyekohoa hadi akatolewa nje. Mabega mia nane yakawa yanapanda na kushuka chini ya taa zilizowaka. Mzee aliyatazama kwa wasiwasi, safu hadi safu. Halafu akanigeukia na kuuliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, na maikrofoni ikampelekea kila mmoja:

"Na sasa hivi wanafanya nini?"

Kicheko kikakatika. Mtayarishaji akageuza shingo, akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa yote, vikao vyote.

"Mbona wameacha?" akauliza Mzee.

Nilisimama. Sikutumia midomo peke yake tena.

"Wamejua kuwa husikii, Mzee."

Alilisoma hilo usoni kwangu bila shida. Karatasi za filamu ya kumi na mbili zilikuwa zimerudi ndani ya mkoba wa mtayarishaji.

"Basi ongezeni sauti," akawaambia.

Wakacheka. Safari hii hakunigeukia kuniuliza.