Vibati vya Sampu

Mama Pacha aliyajua machomeleo yake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoinama kuchukua tambara na kukuta kwenye ndoo ya vyuma chakavu vibati vinne vilivyoungwa kama kisanduku kisicho na mfuniko, hakuuliza ni vya nani. Vilikuwa vyake, na vilitakiwa viwe ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

"Nani amefungua sampu?"

Gerejini walikuwamo watatu tu: yeye, mjomba wake mwenye gereji, na dereva waliyemwita Risasi, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Katikati yao kigari kilikuwa kimejibanza chini kama chura, kikisubiri kupelekwa kwenye uwanja wa mbio. Miezi saba walikijenga kwa mabomba membamba ya chuma, bila paa wala milango, kiti kimoja, na mgongoni injini ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Mama Pacha. Ndiyo iliyompeleka darasa la jioni la umakanika miaka miwili, mpaka lori lilipoirudia kinyumenyume ikiwa imeegeshwa, likaipinda fremu na kuiacha injini salama. Alimwazima mjomba injini hiyo kwa sharti moja tu: isife. Siku moja angeitafutia fremu nyingine, arudi darasani.

"Nimefungua mimi, jana," mjomba alisema, akipuliza chai yake. "Mizani imesoma kilo mia tatu kamili. Na mimi nimeshatangaza mji mzima kwamba kigari changu hakifiki mia tatu."

"Ukatoa vibati vyangu bila kuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Vyombo vya jikoni vile!"

Risasi akacheka. Mama Pacha hakucheka. Alikigeukia kigari, akatazama pale puani ambapo mjomba alikuwa amechomelea jina lake la utani, SIMBA WA LAMI, kwa nondo za geti.

"Vibati vyangu havifiki nusu kilo. Huyo simba wako ana kilo ngapi?"

"Simba haguswi."

Mkuki kwa nguruwe! Jumapili mbili alivipima vibati vile kwa karatasi ya boksi, pacha wamelala kwenye godoro pale pembeni, akavikata, akaviunga, akavifunga kwa bolti. Kumbe vyote hivyo havikustahili hata neno moja.

"Mjomba, pikipiki ikikata kona inalala, na oili inalala nayo. Gari halilali. Oili yote itakimbilia upande mmoja, pampu ifyonze hewa, vyuma visagane vikavu. Vibati ndivyo vinavyoizuia."

"Hayo ya darasani, mwanangu. Mimi nimeshika spana kabla mama yako hajaolewa."

Mama Pacha akamnyang'anya kikombe. Akakisogeza ghafla upande mmoja, wima hivyo hivyo. Chai ikaruka ikamlowesha mjomba magotini. Akakipeleka tena kwa kasi ile ile, ila sasa akikilaza kama pikipiki. Halikutoka tone.

Kicheko kikamkauka Risasi. "Ngoja kwanza. Injini ikikwama, gurudumu la nyuma linafunga? Mimi nikiwa ndani?"

"Ukiwa katikati ya kona."

"Mzee, mimi nina mchumba."

"Kimya wewe!" mjomba alifoka, akijikung'uta. "Ukaguzi ni saa sita. Pakieni!"

Mama Pacha akachukua koleo, akapiga magoti nyuma ya kigari, akachomoa kiungio cha mnyororo. Mnyororo ukaporomoka sakafuni. Kiungio akakitia kifuani, ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna mwanamume pale angethubutu kukifuata.

"Haya, kiendesheni."

"Unanivunjia heshima ndani ya gereji yangu?"

"Heshima nimekupa miezi saba, mjomba! Shikamoo kila asubuhi, na injini yangu juu yake. Wewe umeshindwa kuniambia neno moja tu, kwamba unafungua." Akavichomoa vibati kwenye ndoo. "Ile injini ikifa, utaniambia ulikuwa mkosi."

Mjomba akamtazama Risasi apate wa kumuunga mkono. Risasi alikuwa ameshaanza kuvua kofia ya usalama.

"Ni kazi ya muda gani?" mjomba aliuliza hatimaye, akitazama saa.

"Saa moja, ukinishikia taa."

"Na kuhusu kilo, watu nitawaambia nini?"

"Utajua mwenyewe na simba wako."

Akalala chali juu ya boksi, akajisukuma chini ya kigari. Baada ya kitambo mjomba naye akajilaza ubavuni kwake, akihema kwa sababu ya kitambi, taa mkononi. Sampu ikashuka. Mama Pacha akaifuta, akakipachika kisanduku chake.

"Hili tundu dogo hapa," mjomba alisema polepole, "la nini?"

Kwa miezi saba hakuwahi kumuuliza kitu. Mama Pacha alikuwa bado na hasira, na wala hakuwa na haraka ya kuiacha. Lakini alikigeuza kisanduku upande wa mwanga.

"La kurudishia oili," alisema. "Sogeza taa, nikuonyeshe."