Ngozi ya Mvukuto

Tundu katika mfuko wa upepo wa kinanda lilitosha kupitisha ngumi. Wegesa alipitisha ya kwake na vidole vikagusa ubao wa ndani. Pembeni mwa tundu ngozi ilikuwa imetafunwa kama hindi, na sakafuni kulikuwa na mavi ya panya.

"Nilisema," alisema Tomaso katekista, amesimama mlangoni na funguo mkononi. "Nilimwambia Bruda, kazi ya wahunzi isiletwe misheni."

"Panya hajui ukoo wa mtu, mwalimu."

"Basi panya wetu wameshiba mahindi, sasa wanakula muziki." Alicheka peke yake, akaacha. "Saa tisa Bwana Shauri wa wilaya anakaa kiti cha mbele. Bruda yuko njiani na yule padre mpiga kinanda. Nitawaambia nini?"

Wegesa aliinama akanusa ngozi, na hapo hapo akalijua kosa. Samli.

Kinanda kile cha mabomba kililetwa na Wajerumani, kwa meli na treni mpaka Kisumu na kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kilima cha misheni, kikasimamishwa katika ukumbi wa mawe. Vita vya kwanza vilipowaondoa wenyewe, kikanyamaza. Nyigu walijenga ndani ya mabomba, popo wakalala juu yake, na vizazi viwili vikazaliwa bila kusikia sauti yake. Bruda Anselmi alikifumua na kukisafisha kwa miaka miwili. Kilichomshinda ni mfuko wa upepo. Ngozi aliyoagiza Ulaya ilipasuka kwa jua la Tarime. Ndipo alipopanda kilima upande wa Nkende kumtafuta Mseti mhunzi, mume wa Wegesa, ambaye hakujua kinanda lakini alijua jinsi ya kufunga pumzi ndani ya ngozi.

Mseti alifanya kazi hiyo miezi saba, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, maana macho yake yalikuwa yameliwa na moto. Alilainisha ngozi za mbuzi kwa samli, kama baba yake alivyofanya. Lakini mvukuto wa mhunzi unakaa jirani na moto. Moshi unauingia kila siku, unautia uchungu, panya anaupita kama jiwe. Ukumbini hapakuwa na moshi. Palikuwa na samli tu. Hilo hakuna aliyeliwaza, si Mseti, si Bruda, wala si Wegesa aliyesukuma mpini wa upepo siku zote za mazoezi.

Na leo, siku ya kukizindua kinanda, baada ya wimbo wa mwisho, Bruda angemsimamisha Mseti mbele ya watu na kulitaja jina lake. Alikwisha ahidi. Kwa miaka thelathini watu walichukua majembe ya Mseti, na hakuna aliyepokea jembe kutoka mkononi mwake, maana mhunzi hakuguswa. Aliliweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, mwenye jembe akaliokota. Binti zake waliolewa na wahunzi wenzao, kwa sababu hapakuwa na wengine wa kuwaoa.

"Nipe mpaka saa saba," alisema Wegesa.

"Ufanye nini?"

"Funga mlango. Usimwambie mtu. Ukiulizwa, sema nimekwenda kuoga."

Alipanda kilima kwa mbio, kanga mkononi. Njiani alikutana na Bernadetha wa kwaya akiwa amevaa gauni la sikukuu.

"Mama Nyangwine, unakimbizwa na nani? Leo si ndiyo siku ya mzee wako?"

"Nimesahau sufuria motoni."

"Iache basi iungue! Leo mtakula kwa Bwana Shauri."

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mseti alikuwa ameshuka mtoni kuoga kwa ajili ya siku hiyo. Fimbo yake haikuwepo ukutani. Wegesa alizunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye kibanda cha kufulia chuma, akasimama mbele ya jiwe la mlangoni.

Jiwe lile lilikuwa mpaka. Katika ukoo wa mumewe mwanamke halipiti. Analeta uji, anauweka juu ya jiwe, anakohoa, anaondoka. Aliolewa akiwa na miaka kumi na sita, sasa ana wajukuu, na hakuwahi kuona upande wa pili wa moto ule.

Ndani, mvukuto ulikuwa umelala karibu na majivu, mweusi, laini, wenye harufu ya moshi wa miaka kumi na moja. Hapakuwa na ngozi nyingine tayari Tarime nzima. Ngozi mbichi ingehitaji mwezi. Na ngozi hii ikikatwa, moto wa Mseti umezimika.

Alisikiliza kama fimbo inagonga njiani. Kimya. Akavuka jiwe.

Majivu yalikuwa mengi kuliko alivyofikiri. Mguu ulizama mpaka kifundoni. Kisu kilikata polepole. Kila kilipokata, ngozi ilitoa mlio mdogo, na yeye akageuka kutazama mlangoni.

Saa sita alikuwa chini ya kinanda, amelala ubavu, anashona kwa sindano ya magunia na kano za ng'ombe. Alipaka nta kwenye kila tundu la sindano. Tomaso alishika mshumaa na kuhesabu.

"Saa sita na nusu."

"Sikuulizi saa, mwalimu. Leta mwanga huku."

"Inanuka moshi."

"Ndiyo. Na panya atasema hivyo hivyo."

Walisikia gari la Bruda likipanda kilima alipokata kano ya mwisho kwa meno.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wametoka mpaka Nyanungu, wamekalia madirisha. Wegesa alikuwa nyuma ya pazia, peke yake na mpini. Kwenye tundu la pazia alimwona Mseti benchi la tatu, shati jeupe, kichwa kimeinama upande. Pande zake zote mbili watu walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja mmoja, ingawa wengine walikuwa wamesimama.

Padre mgeni alikaa. Wegesa alisukuma mpini.

Ukutani kilining'inia kipande cha madini ya risasi kwa uzi. Upepo ukijaa, risasi inashuka, ukipungua, inapanda. Bruda alichora mstari wa chaki. Risasi ikipita mstari kwenda juu, kinanda kinalia kama mbuzi anayekabwa, kisha kinanyamaza.

Wimbo wa kwanza ulikuwa mdogo, wa mabomba membamba. Risasi ilikaa chini. Watu walishusha pumzi kwa pamoja. Wa pili ulikuwa mkubwa kidogo, na harufu ya moshi ikaanza kutoka pamoja na sauti.

"Nani anapika?" alinong'ona Bernadetha upande wa kwaya. Mtu akamnyamazisha.

Mseti aliinua kichwa.

Katika wimbo wa nne Wegesa alisikia kitu kama nyoka chini ya mguu wake. Mshono. Uzi mmoja ulikuwa umeachia. Aliongeza mwendo. Risasi ilishuka, ikapanda, ikashuka nusu. Alipiga goti akakibana kiraka kwa paja, huku mkono mmoja ukibaki kwenye mpini. Sauti ya nyoka ilipungua. Mkono mmoja haukutosha.

Wimbo wa mwisho ulianza. Padre alifungua mabomba yote, hata yale makubwa yanayotikisa benchi, na mfuko ukaanza kunywea kama tumbo la ng'ombe wa kiangazi. Risasi ikapanda. Vidole viwili chini ya mstari. Kimoja. Jasho liliingia machoni mwa Wegesa. Alivuta mpini kwa bega, kwa shingo, kwa meno yaliyoumana. Risasi ikagusa chaki.

Pazia likafunguka. Tomaso aliingia, akautazama ukuta, akamtazama mwanamke aliyepiga goti.

"Achia," alisema.

"Nikiachia—"

"Wewe bana chini. Achia huku."

Hakungoja. Alishika mpini pale pale mkono wa Wegesa ulipokuwa, juu ya vidole vyake, akasukuma. Wegesa akachomoa mkono na kulalia kiraka kwa mwili mzima. Chini ya kifua chake ngozi ya mvukuto ilipanda na kushuka. Risasi ikashuka kidole kimoja, ikakaa hapo, inatetemeka, mpaka sauti ya mwisho ilipopanda darini na kuisha.

Tomaso alifuta viganja kwenye kanzu yake. Kisha akavitazama, kama mtu aliyesahau alikuwa anafuta nini.

Nje ya pazia, Bruda alikuwa anasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Na upepo huu wote, ni kazi ya fundi Mseti. Simama, mzee." Makofi yalianzia madirishani, yakaja mbele polepole. Mseti alisimama. Uso wake haukuelekea kwa watu. Aliugeuzia kinanda, sikio mbele, anasikiliza mfuko ukitua.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya migomba, yeye mbele na fimbo, mkewe nyuma. Walivuka kijito.

"Pembe ya kushoto ya mfuko," alisema Mseti, "si ngozi ya mbuzi niliyemnunua Itiryo."

Wegesa aliendelea kutembea.

"Ile nimepumua nayo miaka kumi na moja. Unadhani nitaisahau nikiwa nimekaa benchi?"

"Panya walitoboa. Kwa sababu ya samli."

Mseti alisimama. Fimbo ilichora kitu mavumbini. "Samli," alisema taratibu. "Hakuna moshi pale." Akaendelea kutembea.

Nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka nyuma, akapita jiwe, akaingia kibandani. Wegesa aliwasha moto wa jikoni, akisikiliza. Mkono ukipapasa mti mtupu wa mvukuto. Mkono ukipapasa chini, kwenye majivu, taratibu, mahali mguu ulipozama.

Halafu kisu kwenye jiwe la kunolea. Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi.

"Wegesa."

"Nipo."

"Mfungue yule beberu mweusi. Huyo ngozi yake haina kovu."

Alimfungua beberu, akamvuta kwa kamba mpaka nyuma ya nyumba, akamweka mbele ya jiwe, akakohoa. Akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi?" Sauti ilitoka gizani mwa kibanda, bila hasira, kama ya mtu aliyeshika kazi. "Nani atanishikia miguu yake huku ndani?"

Beberu alivuta kamba kuelekea kwenye majani. Upande wa pili wa jiwe, nyayo za Wegesa za asubuhi zilikuwa bado kwenye majivu, na juu ya ule wa kwanza kulikuwa na alama za vidole vitano vya mkono.