Mtoto wa Saa Moja

Alima alikuwa anakaanga sambaza, visamaki vya ziwani, uani nyumbani kwa wakwe zake, mtaani Mapendo, mafuta yakimrukia mikononi, mtoto aliposema kutoka tumboni:

"Mama, dawa. Saa moja imefika."

Alima alipunguza makaa jikoni, akaingia chumbani, akatoa kichupa kwenye gunia la mchele. Alikuwa amekijaza pamba ili vidonge visitikisike na kumchongea kwa mama mkwe. Akameza kimoja, akarudi. Sambaza hazikuwa zimeungua.

Mama Léocadie, muuguzi wa kituo cha afya, alimweleza vizuri siku alipopimwa mimba akakutwa na virusi: ukimeza kila siku, virusi vinalala, na mtoto anaweza kuzaliwa bila kuwa navyo. Ukirukaruka siku, vinaamka. Alima alitoka pale na hofu ya kusahau, na bila shaka mtoto naye alikuwa anasikiliza, maana tangu jioni ile alishika saa kuliko redio.

"Sema polepole," Alima alimwomba. "Bibi yako atasikia."

Mtoto alijitahidi. Lakini sauti aliirithi kwa baba yake, Jumaine, dereva wa lori njia ya Sake, ambaye hata salamu huitoa kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Ijumaa moja bibi Shakila, mama mkwe, aliwaita jamaa kuchagua jina la mjukuu. Chai ikapita, maandazi yakapita. Muzee Rachid, kaka yake, alikuwa anaeleza kwa nini jina lililo bora ni Rachid, saa moja ilipofika.

"Mama, dawa."

"Nani anakatiza wakubwa?" aliuliza muzee Rachid.

"Mutoto," alisema bibi Shakila, akilionyesha tumbo kwa kidevu. "Adabu ya upande wa mama yake hiyo."

"Dawa ya nini?" aliuliza jirani Dancille, ambaye hajawahi kuacha swali lipite.

"Ya virusi," mtoto alijibu, kwa kuwa aliulizwa. "Na papa pia aache kurukaruka. Yake iko chini ya kiti cha lori, tangu mbele ya harusi."

Kijiko cha mtu kiliendelea kuzunguka kikombeni. Jumaine alitazama viatu vyake.

Alima alikumbuka. Kabla ya harusi alipimwa, akakutwa mzima. Jumaine alisema majibu yake ameyasahau kwenye lori. Kumbe hakudanganya sana.

Hakuna aliyemuuliza Jumaine lolote. Wageni walipoondoka, bibi Shakila alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha Alima, akakitundika peke yake kwenye msumari. Cha Jumaine kilibaki kabatini pamoja na vingine.

Mtoto alizaliwa msichana, akaitwa Faida. Alipewa dawa yake ya maji, akanyonya, akanenepa. Kipimo cha kwanza kilimkuta hana virusi. Mama Léocadie alicheza kidogo pale kwenye korido, kisha akakunja uso: dawa ziendelee, na mtoto atapimwa tena. Faida hakusema kitu. Tangu azaliwe alikuwa ameacha maneno, kama watoto wote. Alilia tu, kila saa moja jioni.

Ndipo muzee Rachid akarudi na jamaa.

"Mutoto huyu alitia papa yake haya mbele ya batu," alisema. "Aombe musamaha."

Walimsubiri. Faida alipiga mwayo.

"Basi mama yake aombe kwa ajili yake."

Jumaine alivitazama tena viatu vyake. Hapo Faida akaanza kulia, na kila mtu akajua ni saa ngapi. Alima alileta vichupa viwili, chake na cha Jumaine alichokwisha kukitoa lorini; hicho akamwekea mumewe magotini, mbele ya wote. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha Jumaine, akakijaza maji, akamezea kidonge chake.

"Kunywa," alimwambia Jumaine, akimpa kikombe na maji yaliyobaki.

Bibi Shakila aliinuka, akampokonya mwanawe kikombe. Akamtolea kipya, kile cha zamani akakifunga uzi mwekundu na kukitundika kwenye msumari. Sasa Alima alikuwa na vikombe viwili.

Jumaine alimezea kipya.

"Tunakungojea, mama," alisema muzee Rachid.

Alima alimpakata Faida, ambaye alikuwa amenyamaza.

"Siombi," alisema. "Kunywa chai, muzee, inapoa. Siombi."