Tumbo la Gari la Ruphin

Ko. Ko. Ko. Kisha: ku.

Chadrack alifumba macho, akagonga tena kwa kifundo cha kidole. Gari la Mama Régina lilimjibu kama ngoma ya gogo: penye unene sauti ya kiume, penye wembamba sauti ya kike. Nyuma ya ile ya kike ndiko pampu ya mafuta ilikofia, na aliyelijenga gari hakuacha hata tundu la kupitisha mkono.

Aliyelijenga ni marehemu Ruphin, mume wa Régina. Aliokota chasi ya jipu iliyotupwa, akaivika mwili wa fiba, nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hapa hapa Kasongo. Rangi yake ya maziwa. Asubuhi lilionekana kama kipande cha ukungu kilichosahau kuondoka na wenzake.

"Utamutoboa?" Régina akauliza.

"Nitatoboa gari, mama. Si baba."

"Kwangu ni mamoja."

Lakini huko kijijini Wamaza, Consolée, dada wa marehemu, alikuwa amelala siku ya nne, nyonga imevunjika. Pikipiki haimbebi mtu wa hivyo hadi hospitali. Gari lilikuwa hili tu.

"Gari nitamupa," Régina alisema. "Mudomo wangu, hapana. Utaenda wewe na dereva. Miaka tisa hatujasemezana."

"Basi gari litamusalimia kwa niaba yako."

"Kata, wewe. Maneno hayajazi tangi."

Chadrack akachora mraba, akatoboa pembe nne, akaingiza msumeno mwembamba. Alikata kwa kina cha kucha tu, asije akagusa bomba la mafuta. Vumbi la fiba likapaa polepole, likameta juani, kana kwamba gari lilikuwa limebana pumzi miaka yote na sasa linaiachia. Likamtua mikononi, likamwasha kama upupu. Hakujikuna.

Kipande kikatoka kizima. Akakigeuza. Upande wa ndani, usiowahi kupakwa rangi, ulikuwa na maua. Maua mekundu ya kitenge, yamelala ndani ya gundi, yametulia, hayajapauka hata kidogo. Fiba ilimwishia Ruphin njiani, akatandika alichokikuta nyumbani.

Régina alikipokea kile kipande, akaketi chini na vumbi lake.

"Kitenge changu cha ndoa," akasema. "Nilisema Consolée ameiba. Nilimwambia mbele ya watu, kwenye kilio cha mama yao."

"Na baba alinyamaza?"

"Aliniambia: acha, nitakununulia kingine." Mabega yakatikisika, Chadrack hakujua ni kicheko au ni kilio. "Fundi wa mikono yule. Mudomoni, mwoga."

Chadrack akaingiza mkono kwenye tundu, akang'oa pampu iliyokufa, akafunga nyingine. Injini ikakohoa, ikashika.

"Nizibe sasa, mama?"

"Utaziba tukirudi. Lete telefone."

Alimwambia aliyepokea ampe Consolée. Gari lilinguruma taratibu. Upande wa pili mtu alikuwa akipumua.

"Wifi, ni mimi Régina. Usikate." Akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi. "Haukuiba. Ninakuja mwenyewe, leo hii. Na kabla sijakugusa, nitawaita wote wenye walinisikia siku ile, nipige magoti, niwaambie kwamba mwizi hakukuwa wewe."