Matone Si Dawa

Kitu cha kwanza alichokiona binti, kitinda mimba, kilikuwa jasho juu ya mdomo wa mama yake. Lilitangulia kila mara. Kisha uso unapauka, kichwa kinamgonga, moyo unatwanga kama mchi kinuni. Baadaye mama anainuka na kudai chai.

Majirani walisema ni hasira. Shangazi alisema ni deko. Daktari wa mwisho ndiye aliyeshuku kijivimbe juu ya figo, kinachomwaga homoni mwilini kikijisikia.

"Atachomwa sindano yenye mionzi kidogo," alieleza. "Uvimbe utaifyonza, ung'ae kwenye picha, tujue pa kupasua. Tusipouona, shambulio moja linaweza kumchukua. Ila dawa za mafua asiguse! Zinauzuia usifyonze."

Safari ya kwanza mashine ilikuwa mbovu. Leo imepona, nao wamekaa kwenye benchi la korido. Mama akafungua mkoba, akatoa kichupa, akainua kichwa. Tone pua hii, tone pua ile.

"Mama! Si tumekatazwa dawa za mafua?"

"Hii dawa? Haya matone. Dawa inamezwa."

"Lakini mama..."

"Nyamaza! Mashine ishatugomea, sasa na wewe ugome?"

Mlango ukafunguliwa. Mpiga picha akatokea na kikasha kizito chenye sindano.

"Mama, kuna dawa yoyote umetumia siku hizi?"

"Hata chembe, mwanangu."

Kiwiko cha mama kikazama mbavuni mwa binti. Binti huyu hata dukani huonyesha kwa kidole, kwa kuona aibu kusema.

"Ametia matone ya pua! Sasa hivi!" binti alipaza sauti.

Korido nzima iligeuka. Mpiga picha akashusha pumzi. "Jamani, mama! Picha ingetoka safi kama huna kitu, nikurudishe nyumbani na uvimbe wako. Utapangiwa siku nyingine."

Mpaka getini mama hakufunga mdomo. "Nimezaa mpelelezi mimi! Mbele za watu! Kwa wengine bubu, kwangu kipaza sauti!"

Binti alichoka, akachoka tena. Alimtazama mama juu ya mdomo: pakavu. Akaingiza mkono mkobani, akakitoa kile kichupa, akakitupa pipani.

"We mtoto! Una nini?"

"Nichukie, mama," alisema. "Nichukie unavyotaka. Lakini unichukie ukiwa hai."