Mguu wa Kushoto wa Kobe

Mafundi wenzake walimwita Futikamba, na hakuwahi kukasirika, maana ukweli ni ukweli. Hakuna aliyewahi kumwona bila ile tepu ya chuma kiunoni, wala aliyewahi kumwona akikata bati kabla hajalipima mara tatu, akaenda kunywa maji, akarudi akalipima tena. Wenye haraka zao walimkimbia. Sasa alikuwa na miaka sitini na mbili na mgongo uliolia kuliko bawaba za milango anayotengeneza, na kwa mwezi wa saba mfululizo alikuwa amelala chini ya gari la kaka yake, amechoka hadi kope.

Lilikuwa gari dogo la zamani, milango miwili, paa la mviringo, rangi ya maziwa yaliyolala. Kaka mtu alilinunua mwaka aliooa, akalibatiza Kobe, na kwa miaka arobaini hakuruhusu mtu mwingine ashike usukani wake, hata mkewe, au tuseme hasa mkewe. Alikuwa dereva wa malori tangu ujana hadi kustaafu, na madereva wa malori wana wivu ambao waume wengine huuweka kwingine. Injini ya petroli ilipopasuka, na vipuri vyake havipatikani tena hata kwa dawa, watu wote walisema gari liuzwe chuma chakavu.

"Chuma chakavu ni nyinyi," kaka aliwaambia. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Tafuta injini ya dizeli, hizi za kisasa, uitie humo. Dizeli haijawahi kuniacha njiani."

"Kaka, haiingii. Ni sawa na kumvisha mtoto koti la babu yake."

"Umepima?"

Hapo ndipo aliponaswa. Hakuwa amepima.

Lakini si ubishi tu uliomfanya akubali. Figo za kaka yake zilikuwa zimegoma, na kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi aende hospitali kusafishwa damu. Mkwe wake ndiye aliyempeleka, kijana mwenye adabu zake, anayemkalisha kiti cha nyuma, anamwekea mto mgongoni na kumfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Kaka alirudi kutoka safari hizo akiwa na hasira kuliko ugonjwa.

"Nimeshusha tani thelathini milimani breki zikitoa moshi," alisema. "Leo nabebwa kama gunia la viazi. Mdogo wangu, nataka nijipeleke mwenyewe. Kuugua nimekubali. Kubebwa, hapana."

Basi Futikamba akaanza. Alipata injini ya kigari cha mizigo kilichogongwa kwa nyuma, bado inang'aa, pamoja na giaboksi yake, kompyuta yake, na fungu la nyaya lililomtia kichefuchefu kwa kulitazama tu. Alikata ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, akauchomelea upya ndani zaidi. Alisogeza rejeta mbele. Mikono ya kushikia injini aliiunda mara tatu, kwa sababu ya kwanza ilitikisa gari zima mpaka kioo cha pembeni kikadondoka, na ya pili ilimkera tu. Alibadilisha springi za mbele zilizolemewa na uzito, na tangi akaliosha hadi harufu ya petroli ikatoka kabisa. Boneti ilipofunga, aliingiza sarafu kati yake na injini kuona kama kuna nafasi ya kupumua. Sarafu ilipita. Akapima tena.

Kila Jumamosi kaka yake alikuja gereji, akaketi juu ya rimu kuukuu, akaanza.

"Bado?"

"Bado kidogo. Haraka haraka haina baraka, kaka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Miezi ya kwanza alikuja peke yake, mikono mfukoni. Baadaye alikuja na fimbo. Mwezi wa sita alikuja ameshika bega la mkewe, akichelewa kidogo kuinua mguu wa kushoto kwenye kizingiti. Futikamba aliiona fimbo, akaliona bega, akasema pole, akarudi chini ya gari. Kulikuwa na bomba la moshi lililokuwa karibu mno na waya wa klachi, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Injini iliwaka Jumatano asubuhi. Iliguruma taratibu, na mafundi wa gereji za jirani walikuja na vikombe vyao vya chai kusikiliza. Futikamba alizunguka mtaa mara nne. Gari lilipanda, lilishuka, lilisimama pale alipolitaka. Hakufurahi kama alivyotarajia. Alitamani tu kulala.

Alhamisi kaka alifika na mkewe, amevaa ile kofia yake ya safari ndefu. Mkwe alikuwa ameambiwa apumzike. Kaka alilizunguka gari, akaigonga boneti kwa vidole, akaketi nyuma ya usukani. Akarekebisha kioo. Akavuta pumzi, akakanyaga klachi.

Pedali ilishuka nusu, ikakataa.

Akakanyaga tena. Akaweka mikono yote miwili juu ya goti, akasukuma hadi mishipa ya shingo ikasimama. Pedali ilishuka kidogo zaidi, kisha ikarudi juu, ikauinua na mguu wenyewe.

Futikamba alielewa kabla kaka yake hajainua uso. Injini mpya ilikuja na klachi yake, ngumu, ya kushika nguvu za mizigo, na pedali ya Kobe ni fupi. Aliijaribu kwa mguu wake mwenyewe akaona iko sawa. Alikuwa amepima injini, ukuta, boneti, hata upana wa sarafu, lakini mguu wa kaka yake hakuupima. Na lililomuuma zaidi lilikuwa hili: miezi mitano nyuma mguu ule ungeweza. Kila mara aliporudia kupima, mguu ulikuwa ukiondoka.

"Nitaitoa, kaka," alisema. "Nitatafuta klachi laini. Nitarefusha pedali. Nipe wiki mbili."

"Wiki zako nazijua," kaka alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya kuliko ukali. "Nimechoka, bwana mdogo. Na wewe umechoka, jitazame. Endesha wewe."

Mkewe alijikunja kiti cha nyuma. Kaka alihamia upande wa abiria akishika paa, akafunga mkanda mwenyewe. Wakaondoka. Futikamba alitazama barabara bila kuiona; aliona aibu, aliona huzuni, na injini ilizidi kulia kwenye gia ya kwanza.

"Linalia, husikii?" kaka alifoka. "Kanyaga!"

Akakanyaga. Alipopeleka mkono kwenye gia aliukuta mkono wa kaka yake umeshafika, nao ukavuta namba mbili, laini, bila hata kelele ya jino.

"Achia."

Akaachia. Gari likashika mwendo.

"Kanyaga." Namba tatu. "Achia. Polepole, unakanyaga kama unaua mende."

Kwenye mzunguko Futikamba alijisahau, akagusa gia, akachapwa kofi mkononi. Nyuma, shemeji yake alicheka, kisha akawa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Wakapanda kilima cha hospitali namba mbili, kaka akisikiliza injini kwa kichwa kilichoinama, akitoa amri, mkono wake haukutetemeka hata mara moja.

Mlangoni muuguzi alisimama na kiti cha magurudumu. "Leo nani kakuleta, mzee?"

"Nimejileta." Akamwonyesha Futikamba kwa fimbo. "Huyu ni mguu tu."

Saa nne nzima Futikamba alilala ndani ya gari, paji la uso juu ya usukani, tepu ikimchoma ubavu. Aliamka mlango ulipofunguliwa. Kaka yake alikuwa na rangi ya majivu, midomo imemkauka, hana nguvu hata ya kulalamika. Mkewe alimsaidia kuketi, akapita nyuma. Kaka alipumzika kidogo, macho amefumba. Kisha akanyoosha mkono, akaishika gia, akangoja.

Futikamba akakanyaga.